Mtaji bila mlezi huishia kijiweni: Somo kutoka Liberia

MFANYABIASHARA wa genge anayefunga saa kumi na mbili jioni kwa kuogopa vibaka, wakati wateja wake ndiyo kwanza wanatoka kazini, analipa kodi ambayo haimo katika daftari lake. Mkulima anayelala shambani wiki mbili kabla ya mavuno ili migomba yake isikatwe usiku, naye analipa kodi hiyo hiyo.

Kodi hiyo haikusanywi na halmashauri wala haina risiti. Ni gharama ya kuishi jirani na vijana waliokata tamaa, ambao wizi mdogo mdogo, kamari na dawa za kulevya vimekuwa ndiyo ajira yao.

Katika maeneo mengi tumezoea kujibu tatizo hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni sungusungu na polisi. Ya pili ni kuwakusanya vijana katika kikundi, kuwapa mkopo, kuwapiga picha na kuwatakia kila la heri. Njia ya kwanza huwahamisha mtaa, na ya pili mara nyingi huishia kwa ofisa maendeleo ya jamii kuzunguka akitafuta marejesho.

Ipo njia ya tatu, ambayo imejaribiwa nchini Liberia, Afrika Magharibi. Nchi hiyo ilikuwa na tatizo kubwa kuliko letu mara nyingi, na matokeo ya jaribio hilo yalifuatiliwa kwa miaka 10. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, hesabu yake inafaa kusomwa kwa makini.

Nchi iliyotoka vitani

Liberia ilipigana vita viwili vya wenyewe kwa wenyewe, cha kwanza kikianza mwaka 1989 na cha pili kikimalizika mwaka 2003. Baada ya amani, zaidi ya watu 100,000 walijiandikisha katika mpango wa kusalimisha silaha. Walipewa fedha kidogo na mafunzo ya muda mfupi, kisha wakarudi uraiani.

Wengi walirudi kwao wakajenga maisha. Wengine walibaki katika mitaa ya mji mkuu, Monrovia, pamoja na vijana waliokulia katika vita bila shule wala wazazi. Waliishi kwa kuchomoa mifuko, kuuza dawa za kulevya na kupora katika maeneo yenye biashara nyingi kama soko la Red Light. Wenye maduka na akina mama wa sokoni ndio waliokuwa wakiumia.

Katika mazingira hayo ndimo ilimofanya kazi asasi ya kijamii iitwayo Network for Empowerment and Progressive Initiative, maarufu kwa kifupi cha NEPI, chini ya uongozi wa Johnson Borh. Haikuwa asasi kubwa yenye magari mengi. Rasilimali yake kubwa ilikuwa watu: wawezeshaji wake wengi walikuwa wapiganaji wa zamani au vijana wa mtaani waliobadilika. Kijana aliyekuwa akidanganya alikuwa anamdanganya mtu anayezijua mbinu zote.

Wiki nane za malezi

Mpango wa NEPI ulichukua wiki nane. Vijana walikutana katika makundi ya watu 20 hivi, kila kundi likiwa na wawezeshaji wawili, mara tatu kwa wiki na saa kadhaa kila kikao. Siku nyingine wawezeshaji waliwafuata wanakoishi au wanakofanya shughuli zao ili kuona wanaendeleaje.

Hayakuwa mahubiri. Vijana walijifunza mambo madogo na kuyafanyia mazoezi: kunyoa nywele na kuvaa nguo safi, kutulia hasira inapopanda, kupanga matumizi ya wiki na kuweka akiba. Kisha walipewa kazi ya kufanya nje, kama vile kuingia benki au duka kubwa na kuuliza huduma kama mteja mwingine yeyote.

Zoezi la namna hiyo linaweza kuonekana la kitoto. Lakini kwa mtu aliyezoea kufukuzwa mlangoni na mlinzi kila anaposogea, kuhudumiwa kwa heshima ni jambo jipya. Anaanza kujiona kama mtu anayeweza kuwa raia wa kawaida, naye jirani anaanza kumwona hivyo.

Watafiti Christopher Blattman, Julian Jamison na Margaret Sheridan waliupima mpango huu kwa kuwashirikisha wanaume 999 waliokuwa katika maisha ya uhalifu. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kundi moja lilipata mafunzo ya NEPI peke yake. La pili lilipata fedha taslimu dola 200 za Marekani bila mafunzo. La tatu lilipata mafunzo na fedha, na la nne halikupata kitu ili liwe la kulinganishia.

Kwa kuwa bahati nasibu ndiyo iliyoamua nani apate nini, hakuna anayeweza kusema waliofanikiwa walikuwa tayari watu wazuri. Ni kama mtaalamu wa mbegu anayepanda aina nne katika vishamba vya udongo mmoja na mvua moja, ili tofauti ya mavuno itokane na mbegu.

Dola 200 zilifanya nini

Wengi wangetabiri kwamba fedha zile zingeishia kwenye pombe na bangi. Haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye biashara ndogo ndogo, chakula, mavazi na mahali pa kulala. Hivyo dhana kwamba kijana wa kijiweni hawezi kushika fedha haikuthibitika.

Hata hivyo, waliopata fedha peke yake walipanda kwa muda mfupi na kurudi walipokuwa. Baada ya mwaka mmoja, faida ya biashara zao ilikuwa imeyeyuka. Waliopata mafunzo peke yake walipunguza uhalifu mwanzoni, lakini kadiri miezi ilivyopita badiliko hilo nalo lilififia.

Kundi lililopata vyote viwili ndilo lililodumu. Mwaka mmoja baadaye, wizi na vitendo vya uhalifu katika kundi hilo vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu. Watafiti waliporudi baada ya miaka 10, upungufu wa karibu nusu ulikuwa bado upo, na ulionekana zaidi kwa wale waliokuwa wahalifu wakubwa tangu mwanzo.

Kwa nini vyote viwili? Maelezo ya watafiti yanaingia akilini. Fedha ilimpa kijana muda. Kwa miezi michache alikuwa na kibanda, nguo safi na chakula bila kuiba, na katika miezi hiyo aliendelea kuyafanyia mazoezi yale aliyofundishwa. Hata biashara yake ilipokufa, mwenendo mpya ulikuwa umekwisha ota mizizi. Mkulima analijua jambo hili: mche uliohamishwa kutoka kitaluni unahitaji maji ya wiki za mwanzo. Ukishashika, unajitegemea.

Shamba la Tumutu

Msomaji anaweza kusema hayo ni mambo ya mjini. Liberia ina mfano mwingine, huu wa mashambani.

Baada ya vita, wapiganaji wengi wa zamani walibaki vijijini wakichimba dhahabu kinyume cha sheria, wakikata magogo na kugema utomvu katika mashamba ya mpira yasiyo yao. Shirika lisilo la kiserikali la Action on Armed Violence liliendesha mafunzo ya kilimo ya bweni kwa watu hao, katika kituo cha Tumutu, wilaya kubwa ya Bong, na kingine huko Sinoe. Kwa muda wa miezi mitatu hadi minne walijifunza kilimo cha mpunga na mboga, ufugaji, kusoma na kuandika, na walipata ushauri nasaha. Baada ya hapo waliahidiwa zana na pembejeo zenye thamani ya dola 125 hivi, zitolewe kwa awamu mbili.

Utafiti wa Blattman na Jeannie Annan, uliochapishwa mwaka 2016, ulifuatilia zaidi ya wanaume 1,000, wakiwamo waliopewa nafasi ya kujiunga na wasiopewa. Miezi 14 baada ya mafunzo, waliohitimu walikuwa wakilima zaidi, kipato chao kilikuwa kimepanda kwa takriban dola 12 kwa mwezi, na saa walizotumia katika kazi haramu zilikuwa zimepungua kwa asilimia 20 hivi.

Angalia neno "zimepungua". Hawakuacha kazi haramu zote kwa siku moja. Walifanya kama mkulima mdogo anayechanganya mahindi, maharage na mihogo kwa kuhofia zao moja kufeli. Kijana naye huchanganya. Shamba linapolipa vizuri, hulipa saa nyingi zaidi na machimbo huyapa chache. Anayetegemea kwamba kijana ataacha kila kitu mara tu baada ya semina ya siku tatu atavunjika moyo bure.

Liko jambo jingine muhimu. Kwa matatizo ya ugavi, baadhi ya wahitimu hawakupata awamu ya pili ya pembejeo, wakawa wanasubiri kulipwa fedha baadaye. Wakati huo huo vita ilizuka nchi jirani ya Ivory Coast baada ya uchaguzi wa 2010, na wapiganaji wa kukodiwa walikuwa wakitafutwa upande wa Liberia. Waliokuwa wakisubiri malipo ndio waliojiepusha zaidi na vita hiyo na kazi haramu. Walikuwa na kitu cha kupoteza kama wangeondoka.

Nani alipe?

Hapa ndipo hesabu ya kiuchumi inapovutia. Katika jaribio la Monrovia, faida iliyodumu haikuwa kipato kikubwa cha kijana mwenyewe. Iliyodumu ni kupungua kwa uhalifu. Kwa maneno mengine, mvunaji mkubwa alikuwa jirani: mama aliyefika nyumbani na mauzo yake, na mwenye duka ambaye hakuvunjiwa.

Mpango kamili, pamoja na zile dola 200, uligharimu takriban dola 530 kwa kijana mmoja. Kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi milioni moja na robo, pungufu ya bei ya bodaboda mpya. Kama jirani ndiye anayevuna, basi si haki kumwachia gharama yote kijana kwa njia ya mkopo anaotakiwa kuurejesha kila mwezi. Wenye soko, ushirika wa wakulima na halmashauri wote wana sababu ya kuchangia sehemu ya malezi.

Kwetu Tanzania chombo kimoja kipo tayari. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, baada ya ukaguzi kuonyesha marejesho duni na vikundi hewa, kisha ikarejeshwa kwa utaratibu mpya.

Mjadala umekuwa juu ya nani apewe na benki ipi ipitishe fedha. Swali la nani atamtembelea kijana wiki ya tano, ambapo mteja hajaja na rafiki wa zamani amekuja, halijapewa uzito unaostahili.

Mambo ya kuanza nayo

Ndugu msomaji, kama ni mjumbe wa kamati ya soko, kiongozi wa ushirika au mkulima anayefikiria kuwachukua vijana wawili shambani, mambo haya yanaweza kuanza bila kusubiri mfadhili.

Kwanza, mchagueni mlezi kabla ya kuchagua mradi. Awe mtu ambaye vijana wanamheshimu, ikiwezekana aliyepita njia yao akatoka. Mlipeni posho ya muda wake, kwa maana kazi ya kujitolea huisha msimu wa kilimo unapoanza.

Pili, malezi yatangulie na mtaji ufuate, lakini ufuate kweli. Kuwapa ushauri miezi miwili kisha kuwaambia bajeti imeisha ni sawa na kupalilia shamba ambalo hamkupanda.

Tatu, gaweni mtaji kwa awamu na tajeni tarehe. Jembe, mbegu na bomba la kupulizia dawa leo, na awamu ya pili baada ya mavuno ya kwanza kwa aliyebaki shambani. Ahadi hiyo iandikwe na itimizwe, kwa sababu ikivunjwa mara moja, kijana hataamini nyingine.

Nne, msiwaache wale wagumu. Kamati nyingi huchagua vijana wapole ili kikundi kionekane kizuri kwa wageni. Monrovia imeonyesha kwamba faida kubwa ilitoka kwa wale ambao mtaa mzima ulikuwa umewakatia tamaa.

Tano, pimeni kinachotakiwa kupimwa. Pamoja na marejesho, andikeni kila mwezi ni mashamba mangapi yaliibiwa, ni vibanda vingapi vilivunjwa na genge la mwisho lilifungwa saa ngapi. Genge likianza kufungwa saa mbili usiku badala ya saa kumi na mbili jioni, hayo ni mauzo ya saa mbili zaidi kila siku, na kila mfanyabiashara anaweza kuyajumlisha mwenyewe na kuona kama mchango wake kwa mlezi umerudi.