Fedha za Picha ya Mfalme Mwenye Kigugumizi

Huenda mkadhani ya kuwa picha ya senema yenye kisa cha kweli, isiyo na mapigano, haipati watazamaji. Sivyo. Mwaka 2010 ilitolewa The King's Speech, habari za Mfalme George wa Sita wa Uingereza na mwalimu wake Lionel Logue, mtu wa Australia, aliyemsaidia hata akaweza kunena redioni vita ilipotangazwa mwaka 1939. (Nasi tunenao redioni twaijua hofu ile!) Gharama yake ilikuwa dola milioni 15 hivi, viingilio vya dunia nzima vilipita milioni 400, vingi vikitoka nje ya Marekani. Lakini hizo si faida tupu, maana wenye majumba ya senema hukata kwanza fungu lao, nalo si dogo.