Simfoni zilizonusurika kwenye nyumba mbovu: Sikiliza rekodi za Florence Price uone tofauti

UKIWAHI kuimba kwenye tamasha za muziki za shule, jambo hili unalijua bila kufunzwa. Wimbo wa lazima ni mmoja, nota ni zile zile, lakini shule kumi na tano zikipanda jukwaani unasikia nyimbo kumi na tano. Shule moja inaukimbiza kama matatu iliyochelewa. Nyingine inauvuta hadi wasichana wa sauti ya kwanza wanaishiwa na pumzi. Halafu kuna ile iliyopewa nakala iliyotolewa kopi mara nyingi mno, mstari wa besi ukafutika, na mwalimu akajaza mwenyewe alichodhani kiliandikwa.

Sasa chukua hali hiyo uipeleke Marekani, kwa okestra za watu themanini na zaidi, zikicheza simfoni za mama aliyefariki mwaka wa 1953 bila kuona hata moja kati ya simfoni hizo ikichapishwa. Hapo ndipo hadithi ya Florence Price inapoanza kuwa tamu, na chungu pia.

Price alizaliwa 1887 mjini Little Rock, jimbo la Arkansas. Alisomea muziki Boston katika New England Conservatory na kuhitimu 1906, kisha akarudi Kusini kufundisha. Mwaka wa 1927, baada ya mauaji ya kibaguzi kuutikisa mji wake, alihama na familia yake hadi Chicago. Huko ndoa ikavunjika, akabaki analea mabinti wawili huku akifundisha na kupiga kinanda kwenye majumba ya sinema za bila sauti. Katikati ya hayo yote, mwaka wa 1931, akaanza kuandika simfoni yake ya kwanza.

Mnamo 1932 simfoni hiyo ilishinda tuzo ya kwanza ya shindano la Wanamaker, dola 500. Juni 15, 1933, okestra ya Chicago Symphony ikaicheza chini ya Frederick Stock. Ilikuwa mara ya kwanza kwa okestra kubwa ya Marekani kucheza simfoni ya mwanamke Mwafrika-Mmarekani.

Ungedhani milango ingefunguka hapo. Wapi! Alimwandikia Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, zaidi ya mara moja. Katika barua ya 1943 alitaja wazi wazi kwamba alikuwa na vikwazo viwili, jinsia yake na rangi yake, na akaomba muziki wenyewe ndio upimwe. Koussevitzky hakuwahi kuucheza.

Nyumba iliyoangukiwa na mti

Mwaka wa 2009, wanandoa walionunua nyumba iliyotelekezwa katika mji mdogo wa St. Anne, jimbo la Illinois, waliingia kuikarabati. Mti ulikuwa umeangukia paa. Vitu vingi vilikuwa vimeharibika, lakini upande uliobaki mkavu walipata marundo ya karatasi zenye nota za muziki. Jina moja lilikuwa likijirudia: Florence Price. Kumbe hapo ndipo alipokuwa akienda kupumzika msimu wa joto.

Ndani ya marundo hayo mlikuwa na konchato mbili za fidla na Simfoni ya Nne, aliyoiandika 1945. Karatasi zikapelekwa kwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Arkansas, ambako tayari kulikuwa na hati zake nyingine.

Lakini tusidanganyane hapa. Kuna wanaosema ati Price “aligunduliwa” mwaka huo. Waliokuwa wamemsahau ni mabwana wa majumba makubwa ya muziki. Watu weusi wa Chicago walikuwa naye muda wote, na mnamo 1964 kuna shule ya msingi jijini humo iliyopewa jina lake.

Simfoni zake kwa hesabu ni nne. Ya kwanza, ya tatu na ya nne tunazo. Ya pili haijawahi kupatikana ikiwa kamili.

Nota zinatoka wapi?

Watu wengi hudhani muziki wa aina hii ni kama sheria: umeandikwa, kazi ni kuucheza tu. Sivyo. Mtunzi anayechapishwa akiwa hai hupewa nakala ya kwanza, anaipitia na kalamu, anasahihisha. Price hakupata nafasi hiyo kwa simfoni zake. Alichoacha ni miswada ya mkono.

Kwa hivyo mhariri anapoketi na mswada wake, anakutana na maswali. Fidla za kwanza zimewekewa alama ya kucheza kwa mkato lakini fidla za pili hazina. Je, Price alisahau, au alitaka tofauti hiyo? Klarineti ina nota inayogongana na tarumbeta. Ni kosa la usiku wa manane au ni ujasiri? Ukisahihisha ovyo, unaweza kufuta wazo la mtunzi. Ukiacha kila kitu, unaweza kuwachezesha watu kosa milele.

Toleo la kwanza lililofanyiwa uhariri wa kina lilitoka 2008 kwa kampuni ya A-R Editions, likiwa na Simfoni ya Kwanza na ya Tatu. Wahariri walikuwa Rae Linda Brown na Wayne Shirley. Brown alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kumtafiti Price wakati ambapo wengi hawakuona maana yake. Alifariki 2017, na wasifu alioandika kumhusu Price ukachapishwa 2020. Toleo kama hilo halikupi nota pekee. Linakueleza pia pale mhariri alipobadilisha kitu, ili ukitaka kubishana naye uweze.

Mnamo 2018, kampuni ya G. Schirmer ilitwaa haki za kazi zake duniani kote. Tangu hapo okestra inayotaka kumcheza inajua mlango wa kubisha. Hilo ndilo lililofungulia mafuriko ya rekodi unazoziona sasa, maana okestra haiwezi kucheza muziki usio na karatasi za kuweka mbele ya kila mchezaji.

Tusikilize sasa

Hebu tuwe waamuzi wa tamasha. Nimezisikiliza rekodi hizi kwa simu na vifaa vya masikioni vya bei ya mtaani, kwa hivyo usiseme hadi uwe na spika za tajiri.

Kwanza, The Women’s Philharmonic chini ya Apo Hsu, iliyotoka 2001. Hii ni Simfoni ya Tatu, na angalia tarehe: miaka saba kabla ya toleo la Brown na Shirley, na miaka minane kabla ya nyumba ya St. Anne kufunguliwa. Okestra ya wanawake iliamua kumcheza Price wakati ambapo hakuna aliyekuwa akishindania jina lake. Mchezo wao ni wa moyo, hata pale unapohisi kwamba muziki huu bado ni mgeni vidoleni mwao.

Pili, New Black Music Repertory Ensemble, ikiongozwa na Leslie B. Dunner, 2011. Humu kuna Simfoni ya Kwanza. Kikundi chenyewe ni kidogo, na hilo lina faida yake: kila chombo unakisikia kikiongea peke yake. Albamu hiyo pia ina konchato ya piano ambayo nota zake za okestra zilikuwa zimepotea, hivyo mtunzi Trevor Weston akaziandika upya kwa kufuata nakala za piano zilizobaki. Baadaye nota za Price mwenyewe zikajitokeza. Yaani kuna rekodi ya kazi ya Price ambayo rangi za okestra ni za mtu mwingine, na si kosa la yeyote. Wakati ule hakukuwa na njia nyingine.

Tatu, Fort Smith Symphony chini ya John Jeter, kampuni ya Naxos, 2019. Ina Simfoni ya Kwanza na ya Nne. Fort Smith si New York wala Chicago. Ni mji wa Arkansas, jimbo alikozaliwa Price, na okestra yake si ya mamilionea. Lakini ndiyo iliyoicheza Simfoni ya Nne kwa mara ya kwanza mbele ya watu, Mei 2018, miaka 65 baada ya mtunzi kufa. Jeter hana haraka wala madoido. Fidla zake si nzito, na mara chache unasikia kingo zikikwaruza. Lakini mdundo umekaa sawa, nao wimbo unaoneshwa jinsi ulivyo.

Nne, The Philadelphia Orchestra chini ya Yannick Nézet-Séguin, Simfoni ya Kwanza na ya Tatu, 2021. Hii ndiyo iliyoshinda Grammy ya uchezaji bora wa okestra mwaka wa 2022. Mnamo 2023 wakaongeza ya Nne. Hapa sauti ni asali. Fidla zinajaa chumba kizima. Kondakta huyu (si yule wa kuita abiria) anapenda kuuvuta mdundo kisha kuuachilia, na pale mwanzoni mwa Simfoni ya Tatu, vyombo vizito vya shaba vinapoingia chini chini, utahisi kifua kikitetemeka.

Kwa uzuri wa sauti, Philadelphia inawashinda wote, hakuna ubishi. Lakini nina swali dogo, nalo linahusu dansi.

Mtihani wa Juba

Sehemu ya tatu ya simfoni zote tatu tulizo nazo ni Juba. Usiende Sudan Kusini. Juba ni dansi ya Waafrika waliokuwa utumwani Marekani. Katika maeneo kadhaa wenye mashamba waliwapiga marufuku ngoma, kwa sababu waliogopa zingetumiwa kuitana kwa uasi. Watu wakageuza miili yao kuwa ngoma: makofi, mapaja, vifua, miguu. Price aliichukua dansi hiyo akaiweka mahali ambapo watunzi wa Ulaya huweka dansi zao.

Katika Simfoni ya Kwanza, Juba haichukui muda, ni kama dakika nne hivi. Bando lako halitalia. Isikilize kwa Philadelphia, kisha kwa Fort Smith, kisha kwa kikundi cha Dunner. Kwa Philadelphia nilitabasamu. Kwa Fort Smith mguu ulianza kugonga sakafu kabla sijauruhusu. Kwa Dunner nilihisi kwamba kuna mtu chumbani anapiga makofi. Dansi si lazima iwe nzuri ndipo ichezeke. Lazima ikae kwenye mdundo. Hapo Philadelphia nawapunguzia alama.

Kuna jambo jingine linalomhusu msikilizaji wa huku kwetu. Katika simfoni hiyo Price aliagiza ngoma za Kiafrika, kubwa na ndogo. Zisikilize kwenye sehemu ya pili, zikigonga polepole chini ya wimbo unaofanana na tenzi za kanisani. Lakini ngoma ya Kiafrika ni ipi? Sisi wenyewe tunajua kwamba ngoma ya Pwani hailii kama ya Magharibi mwa Kenya. Okestra inalazimika kuchagua: ngoma gani, ngozi ikazwe vipi, ipigwe kwa mkono au kwa fimbo. Ndiyo maana ngoma za rekodi moja zinasikika kwa mbali kama radi, na za nyingine ziko karibu kama mlango unaobishwa. Karatasi inafika mwisho hapo, na aliyezoea ngoma halisi ana la kuchangia. Pengine siku moja atakuwa mmoja wenu mnaofanya mazoezi ya fidla na tarumbeta Jumamosi jijini Nairobi.

Ukiniuliza ya kuanzia, nitasema hivi: kwa Simfoni ya Kwanza na ya Nne, anza na Fort Smith. Kwa ya Tatu, nenda Philadelphia, kisha rudi kwa wale wanawake wa 2001 uwape heshima yao.

Na wewe unayetunga midundo kwa simu, au mwenye daftari la nyimbo chini ya godoro: andika jina lako na tarehe kwa kila kazi, weka nakala sehemu mbili, na mwoneshe mtu mmoja unayemwamini zilipo. Simfoni ya Nne iliokolewa na upande mmoja wa nyumba ambao mvua haikuufikia. Ya pili haikupata bahati hiyo.