Hodi ya Insulini na Mafuta ya Kikaangoni

Wakazi wa Makete na Mufindi wanalijua hili: asubuhi ya baridi ya Julai chupa ya mafuta ya kupikia huamka nyeupe, imeganda kama samli. Mara nyingi hayo ni mawese yaliyosafishwa. Karibu nusu yake ni mafuta ambayo minyororo yake ya kaboni imejaa hidrojeni pomoni, ikanyooka na kulaliana kama kuni kwenye mzigo. Minyororo ya alizeti mingi imepinda, haipangiki, ndiyo maana hubaki majimaji hata kwenye baridi.

Mwilini hayagandi hivyo, ingawa vijiweni tunaambiwa mishipa huziba kama bomba la sinki. Kwa mgonjwa wa kisukari aina ya pili, tatizo limo ndani ya seli.

Tukila wali, sukari hupanda kwenye damu na kongosho hutoa insulini. Insulini haibebi sukari. Hupiga hodi tu kwenye misuli na ini. Ikiitikiwa, msuli hufungua njia sukari ipite, na ini huacha kumwaga ya kwake. Mafuta yakizidi yale yanayochomwa, hurundikana kwenye seli hizohizo, na vitu vinavyotokana nayo huvuruga ujumbe kabla haujafika ndani. Hodi inapigwa, mwenye nyumba hasikii. Kongosho hupaza sauti miaka na miaka, hadi linachoka.

Sisi lawama zote tumeitupia sukari ya chai. Mwaka 2018 watafiti wa Helsinki, Ufini, walichapisha jaribio la watu 38 wenye uzito uliozidi, walioongezewa kilokalori 1,000 kila siku kwa wiki tatu. Waliolishwa mafuta ya nazi, siagi na jibini, yaani mafuta ya kuganda, mafuta kwenye ini yaliongezeka kwa asilimia 55. Waliopewa vinywaji vitamu na peremende, asilimia 33. Waliopewa zaidi mafuta ya zeituni na jamii ya karanga, 15. Kundi la kwanza ndilo ambalo miili yake ilizidi kuwa kiziwi kwa insulini. (Mpwani asikimbilie kutupa mbuzi ya kukunia nazi; wale walikuwa wanashindiliwa, si kuonja tui kwenye samaki.)

Kwa hiyo tubadilishe dumu, basi? Jaribio la mwaka 2001, lililohusisha watu 162 wenye afya katika nchi tano, lina jibu lisilomfurahisha muuza chipsi. Kwa miezi mitatu, waliokula mafuta ya kuganda walipoteza asilimia 10 ya usikivu wao kwa insulini. Wenzao wa mafuta ya aina ya zeituni hawakupoteza. Ila kwa waliopata zaidi ya asilimia 37 ya nishati yao kutoka kwenye mafuta, nafuu hiyo haikuonekana. Kwa anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, kiwango hicho ni gramu kama 82, yaani vijiko sita vya chakula, na humo yamehesabiwa hata yale yaliyojificha kwenye nyama, maziwa, karanga na andazi la asubuhi.