Mkulima akisema ‘sijambo’, nani anahesabu siku alizolala kitandani?

MVUA za kwanza zikishanyesha Mpanda, kuanzia Novemba, kazi haingoji. Mahindi yanataka kupandwa, miche ya tumbaku inataka kutolewa kwenye vitalu na kupelekwa shambani, na majaruba ya mpunga ya Mwamkulu na Mpimbwe yanataka watu wenye nguvu. Ni kipindi hicho hicho ambacho mbu nao huongezeka. Mkulima anayelala siku nne kwa homa mwezi Desemba hapotezi siku nne tu. Anaweza kupoteza palizi ya kwanza, na magugu hayamsubiri apone.

Swali ambalo wakulima wengi hawajiulizi ni hili: hasara hiyo imeandikwa wapi?

Kama alikwenda zahanati, jina lake limo katika vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya ambao kila kituo kinatakiwa kuujaza. Lakini kama alinunua vidonge katika duka la dawa, au alikunywa dawa ya mizizi na kujifunika blanketi mpaka homa ikashuka, MTUHA haimjui. Kwa hesabu za kituo, mtu huyo alikuwa mzima. Kadiri zahanati ilivyo mbali, ndivyo kijiji kinavyoonekana kuwa na afya njema katika vitabu, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha hali halisi.

Njia ya kumfikia mtu huyo ni kumfuata nyumbani na kumuuliza. Ndivyo inavyofanya Ofisi ya Taifa ya Takwimu kupitia Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, ambao umefanyika mwaka 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Pamoja na maswali ya chakula, nguo na ada za shule, mdadisi huuliza kila mwanakaya kama aliugua au kuumia katika wiki nne zilizopita, na kama alitafuta matibabu. Mwaka 2008/09 ulianza pia Utafiti wa Kufuatilia Kaya, ambao hurudi kwa watu wale wale baada ya miaka kadhaa. Huu una faida kubwa kwa mkulima kwa sababu unauliza afya, mashamba, mavuno na pembejeo katika dodoso la kaya ile ile. Mchumi anaweza kuona kama kaya iliyougua wakati wa kupanda ndiyo iliyovuna kidogo.

Mpanda ndani ya kapu la Rukwa

Hata hivyo, takwimu za taifa si takwimu za Mpanda. Awamu ya kwanza ya utafiti huo wa kufuatilia kaya ilihoji kaya 3,265 katika maeneo 409 nchi nzima. Sampuli hiyo ilipangwa ili iweze kusema jambo la uhakika kuhusu Dar es Salaam, miji mingine ya Bara, vijiji vya Bara na Zanzibar. Mkulima wa Karema aliwekwa kapu moja na mkulima wa Rombo na wa Newala.

Hata zile tafiti zilizotoa takwimu kwa mikoa hazikumsaidia sana. Hadi Machi 2012, Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na majibu yake yalichanganywa na ya Sumbawanga, nyanda za juu zenye baridi ambako malaria si ile ya bonde la Rukwa au mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mkoa wa Katavi ulipoundwa, ulianza karibu bila historia ya takwimu zake wenyewe. Tangu hapo watu wameongezeka kwa kasi ambayo hakuna mkoa mwingine ulioifikia: sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604, na ya Agosti 2022 ikahesabu 1,152,958. Utafiti unaochagua kaya kwa kutumia orodha za sensa iliyopita utakuwa ulikosa vitongoji vizima vya wafugaji na wakulima waliohamia baada ya orodha hizo kuandikwa, isipokuwa orodha zihuishwe kwanza.

Debe la nani?

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye jibu lenyewe. Mfanyabiashara wa mazao anajua kwamba debe moja si sawa na debe jingine. Kuna debe la msawazo na kuna debe la kichungu, na kuna gunia la kawaida na gunia la lumbesa. Ukijumlisha magunia ya wanunuzi kumi bila kuuliza kila mmoja alijaza vipi, jumla yako haina maana. Ndiyo sababu ipo mizani.

Afya ya kujieleza haina mizani. Mtu mmoja akiumwa kichwa anasema anaumwa. Mwingine aliyepinda mgongo kwa miaka ishirini ya jembe la mkono anasema yuko salama, kwa sababu kila mtu wa rika lake kijijini ana mgongo kama huo. Wavunaji wa tumbaku wanaifahamu siku ya kichefuchefu na kizunguzungu baada ya kuchuma majani yenye umande, maana nikotini hupenya kwenye ngozi. Kitabibu hiyo ni sumu iliyoingia mwilini, lakini wengi huiona kuwa sehemu ya kazi, na mdadisi akiuliza kuhusu ugonjwa hawaitaji.

Lugha nayo ina mchango wake. Kiswahili kimetufundisha kwamba hali ni njema kwanza, mengine baadaye. Mgeni akiuliza “hali yako?” jibu ni “nzuri”, na hata mgonjwa aliyelala mkekani husema “sijambo kidogo”. Mdadisi asiye makini anaweza kuandika salamu akidhani ameandika takwimu. Dodoso maarufu la maswali 36 kuhusu afya, lililotungwa Marekani, lilitafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Dar es Salaam katika miaka ya 1990. Toleo la asili lina swali kuhusu kazi za wastani, na mifano yake ni pamoja na kusukuma mashine ya kufyonza vumbi na kucheza gofu. Kwa Mpanda mfano unaoeleweka ni kubeba ndoo ya maji kutoka kisimani au kupiga matuta ya viazi.

Mchumi Amartya Sen alilieleza jambo hili mwaka 2002 kwa mfano wa majimbo mawili ya India. Kerala, ambako watu huishi miaka mingi zaidi na wengi wamesoma, ndiko walikoripoti magonjwa mengi. Bihar, jimbo maskini ambako watu hufa mapema, waliripoti machache. Wamarekani nao waliripoti mengi kuliko wote. Serikali ambayo ingegawa dawa kwa kufuata majibu hayo peke yake ingewapelekea zaidi wale ambao tayari wanazo.

Hata urefu wa muda unaoulizwa hubadilisha jibu. Mjini Delhi, watafiti walizifuatilia kaya kati ya 2000 na 2002, wakilinganisha majibu ya wiki moja na ya mwezi mzima. Kwa kukumbuka mwezi mzima watu walisahau magonjwa mengi, na maskini ndio waliosahau zaidi. Homa ya siku mbili kwa mtu anayeumwa mara kwa mara haina cha kukumbukwa. Wiki nne zinazotumika katika tafiti zetu zina udhaifu huo huo.

Zipo dawa za tatizo hili, ingawa hakuna inayoliponya kabisa. Mojawapo ilitumiwa na Shirika la Afya Duniani katika utafiti wa mwaka 2002 hadi 2004 uliofanyika katika nchi 70, Kenya ikiwamo. Kabla ya kukokotoa majibu, mhojiwa husomewa habari fupi za watu wa kubuni, kwa mfano mtu anayetembea kilomita mbili bila shida lakini hushindwa kupanda mlima na mzigo wa kuni, na anaulizwa hali ya mtu huyo ni nzuri au mbaya. Kwa kuwa mtu huyo ni yule yule kwa kila anayeulizwa, tofauti za majibu zinaonyesha ukubwa wa debe la kila mmoja. Njia nyingine ni kuacha kuuliza “unaumwa?” na kuuliza “ni siku ngapi umeshindwa kwenda shambani?” Siku zinahesabika, na kwa mkulima ndizo zenye thamani.

Njia ya tatu ni kupima damu. Tafiti za afya za taifa huuliza mama kama mtoto alikuwa na homa katika wiki mbili zilizopita, kisha hupima watoto malaria kwa kipimo cha haraka. Watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 18 mwaka 2007/08 na asilimia 8 mwaka 2022. Bila kipimo, kila homa ingeendelea kuitwa malaria, na duka la dawa lingeendelea kuuza dawa ya malaria kwa mtoto mwenye nimonia.

Fedha ya Julai, homa ya Januari

Chukua kaya yenye watu wazima watatu mashambani. Kila mmoja akilala siku tatu kati ya Desemba na Januari, kaya imepoteza siku tisa za kazi. Kama kibarua wa palizi analipwa Sh6,000 kwa siku, hasara ni Sh54,000 kabla ya kununua kidonge kimoja. Mchango wa Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwekwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Bima hairudishi siku zilizopotea, lakini anayetibiwa siku ya kwanza huenda asilale siku ya tatu. Ugumu ni kwamba fedha huonekana Julai na Agosti mazao yanapouzwa, wakati homa huja ghala likiwa tupu. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023, na makadirio ya nani atatibiwa mara ngapi yatategemea kwa sehemu majibu haya ya majumbani.

Kwa hiyo mdadisi akibisha hodi, si vema baba ajibu kwa niaba ya nyumba nzima. Mara nyingi hajui kwamba mkewe alikwenda shambani akiwa na homa, au kwamba kijana aliacha kuchuma tumbaku saa nne asubuhi kwa kutapika. Aitwe kila mmoja ajisemee. Majibu ya mtu binafsi ni siri kwa mujibu wa Sheria ya Takwimu. Hayapelekwi kwa mtendaji wa kijiji wala kwa chama cha msingi kinachotoa mkopo wa pembejeo. Na kama kaya ina daftari la shamba, lile la mbolea na vibarua, safu moja ya siku ambazo mtu alishindwa kufanya kazi haiongezi gharama yoyote.