STESHENI MPYA NA WAPANGAJI WA NGAMIANI

Reli ya kwanza ya nchi yetu haikuanzia Dar es Salaam. Ilianzia Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Wajerumani walioijenga hawakumwuliza mwenyeji ipite wapi. Shabaha yao ilikuwa kuyafikisha mazao ya mashamba yao bandarini. Lakini popote treni iliposimama, watu walijenga. Mombo pakawa njia panda ya kupandia Lushoto, Muheza pakawa soko, na Tanga yenyewe ikawa mji wa pande mbili. Kaskazini ya reli kulikuwa na bandari, maofisi, mabenki na maduka makubwa. Kusini yake kulikuwa na Ngamiani, mji wa makuli, mafundi na wachuuzi, ambao barabara zake zilipewa namba badala ya majina. Hata leo Mtanga akikuelekeza kwake hukutajia barabara ya nane au ya kumi na mbili, wala haoni ajabu.

Tunayakumbusha haya kwa sababu habari za reli zimerudi vinywani mwa watu. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea Moshi mwaka 1919 wa pili, kama wazee walivyotania, yaani 2019, na Arusha mwaka 2020. Nayo huifuata njia ya kiungo iliyofunguliwa mwaka 1963 na kuingia reli ya zamani huko Mruazi, ikaiacha Tanga upande. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Dodoma. Mpango wa reli ya kisasa ya Tanga, Arusha na Musoma umetajwa mara nyingi. Bandari yetu imeongezwa kina, na Chongoleani ndipo palipochaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima. Mji uliokuwa na watu 273,332 katika hesabu ya mwaka 2012 ulikuwa na watu 393,429 mwaka 2022.

Basi hapana budi tuulize mapema: stesheni mpya ikijengwa, au ya zamani ikifufuliwa, nani anakaa kando yake sasa, na nani atakuwa akikaa hapo baada ya miaka kumi?

Swali hili halijibiwi kwa maneno. Hujibiwa kwa ramani. Wataalamu wa miji huchukua stesheni kama kitovu, wakapiga duara la mwendo wa dakika kumi kwa miguu, yapata mita 800, kisha wakachunguza kila kilichomo: nyumba, shule, visima, mifereji, magenge, misikiti na makanisa, na mahali watu wanapoikata reli kwa mguu au kwa baiskeli. Hili la mwisho kwetu lina uzito wake, maana Tanga ni mji wa baiskeli, na mfanyakazi anayezungushwa nusu maili na ukuta wa reli huzungushwa kila siku ya maisha yake. Duara likichorwa penye stesheni yetu ya zamani, litaishika bandari kwa upande mmoja na Ngamiani kwa upande wa pili.

Siku hizi picha za angani hurahisisha kazi. Lakini picha ya angani huona bati, haioni chumba. Nyumba ya Kiswahili tunaijua sote: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, ua nyuma. Paa ni moja; jamaa wanaoweza kulala chini yake ni sita. Mchora ramani akiandika "nyumba moja, mwenyewe fulani", amewafuta watano kwa kalamu. Siku ya fidia ikifika, fedha humtazama mwenye kiwanja na jengo. Mpangaji, ambaye ndiye kuli wa bandarini au mama muuza vitumbua, hufunga godoro lake akatafuta chumba Duga au Pongwe, na nauli ya kurudi kazini inatoka katika mshahara uleule.

Tusidhani tunatisha watu bure. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kati ya Kimara na Kiluvya ili kupanua barabara ya Morogoro. Upo na mfano wa kutia moyo. Wapangaji wa Magomeni Kota, karibu kabisa na njia ya mabasi ya mwendo wa haraka yaliyoanza mwaka 2016, walivunjiwa nyumba zao, wakangoja miaka mingi. Lakini mwaka 2022 kaya 644 zilipewa maghorofa mapya palepale. Kwa nini 644 na si 300? Kwa sababu walikuwa wamehesabiwa, na orodha yao haikupotea. Ni funzo kubwa kuliko hotuba.

Wazee wengine wataona shaka, wala hawana kosa. Mjerumani alihesabu vibanda ili atoze kodi, na tangu hapo mtu mwenye daftari mlangoni si mgeni wa kupendeza. Dawa yake ni wahesabuji kuwa watu wa mtaa wenyewe. Dar es Salaam jambo hili limekwisha fanyika: tangu mwaka 2015, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu walitembea vichochoroni pamoja na wakazi, wakachora mitaa inayofurika maji. Tanga inaweza kufanya vivyo hivyo. Wenyeviti wa mitaa wapo, na mabalozi wa mashina wapo. Balozi anayejua nani amefiwa na nani amejifungua hashindwi kujua nani amepanga chumba cha uani.

Na ramani ikishakamilika, ibandikwe ofisi ya mtaa ambapo mpangaji ataiona, isifungiwe kabatini. Mlanguzi wa viwanja hahitaji kubandikiwa. Yeye huijua njia ya reli kabla ya wahandisi.

Tena kazi hii ifanywe jioni. Mchana vyumba vya wapangaji vina kufuli, wenyewe wako bandarini, sokoni na viwandani. Atakayepita saa nne ya asubuhi atamkuta mwenye nyumba peke yake barazani, naye atamjibu kwa heshima kwamba hapa tunakaa watu watano.