Video za bure zafunza gitaa, lakini hazina masikio

KIJANA wa Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapoachana na barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, hahitaji tena kupanda matatu hadi jijini kumtafuta mwalimu wa gitaa. Masomo yako kwenye simu yake. Justin Sandercoe, mzaliwa wa Tasmania, Australia, alianza kuyatoa bila ada kwenye mtandao mwaka wa 2003, miaka miwili kabla ya YouTube kuanzishwa. Leo walimu wa aina hiyo hawahesabiki.

Hata hivyo, mwalimu huyo wa bure ana upungufu mmoja mkubwa: hana masikio. Aliyeketi mbele yako husikia uzi uliolegea na kukusimamisha papo hapo. Video huendelea tu, nawe waendelea na kosa lako hadi linageuka mazoea. Kwa hivyo, anayejifunza kwa njia hii sharti awe mwanafunzi na msahihishaji kwa wakati mmoja.

Kazi ya kwanza ni kulinganisha nyuzi sita. Kuanzia uzi mnene zaidi, sauti zake ni E, A, D, G, B na E. Zipo programu za bure za simu ambazo husikiliza kila uzi na kuonyesha iwapo umelegea au umekazwa kupita kiasi. Anayeiruka hatua hii hulizoesha sikio lake uongo.

Pili, bana uzi nyuma kidogo tu ya kile kijichuma kinachokatiza shingo ya gitaa, wala si juu yake. Ukibana mbali nacho, uzi huzizima. Ncha za vidole zitauma kwa wiki kadhaa, kisha zitaota sugu. Robo saa kila siku hufaa kuliko saa tatu za Jumapili.

Tatu, punguza mwendo wa video hadi nusu. Kisha jirekodi kwa simu hiyo hiyo, usikilize kesho yake. Utashangaa jinsi kosa ulilolipuuza jana linavyosikika waziwazi leo.

Lipo pia suala la nyumbani. Nyingi ya video hizi hufunza kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwa kuwa ndivyo nyimbo nyingi za Magharibi zinavyosindikizwa. Benga haiendi hivyo. Gitaa la kuongoza hutembea sauti moja moja, likimfuata mwimbaji na kumjibu, kisha likatwaa uwanja anaponyamaza. Kijana anaweza kumaliza masomo yote ya mtandaoni na bado akakwama harusini Ukambani, wazee wakiomba wimbo wa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers.

Waliotangulia walijifunza kinyume chake. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada. Wapigaji wengi wa Afrika Mashariki walimwiga kupitia redio na santuri, bila kuviona vidole vyake. Walikuwa na sauti bila picha, nalo sikio likalazimika kufanya kazi yote.

Mwanafunzi wa leo anaweza kuunganisha njia hizo mbili. Kwa kila somo la video, atenge wimbo mmoja wa benga. Autafute kwanza mwendo wa besi, kisha gitaa la pili, na mwisho lile la kuongoza, kipande baada ya kipande, bila kutazama mtu.

Na angalau mara moja kwa mwezi, amwendee mpigaji mzoefu wa bendi ya karibu, ampigie wimbo mmoja na kuomba kukosolewa. Dakika kumi za masikio ya mtu huyo zitafichua makosa ambayo video mia moja haziwezi kuyasikia.