Sumu Isiyoonekana katika Chakula cha Baharini

Msomaji wetu wa Nkowe, wilayani Ruangwa, huenda akauliza: Bahari i mbali nasi, khabari za sumu ya chaza na kasa zatuhusu nini? Twamjibu kwamba zamhusu. Samaki wakavu wa pwani hupanda bara hata vijijini, na vijana wetu hushuka Lindi na Kilwa kutafuta riziki, wakala wanachokikuta. Tena kwa Mwislamu, chakula ni jambo la dini kabla ya kuwa jambo la soko.

Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa. Wanane kati yao walikuwa watoto, na wa tisa alikuwa mama wa mmoja wa watoto hao. Wengine 78 walilazwa hospitali. Kabla ya hapo, Novemba 2021, watu 7 walikufa Pemba kwa sababu ile ile, akiwamo mtoto wa miaka 3. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Hatuyaandiki haya kwa kuwalaumu, kwani sumu hii haina harufu wala ladha ya kumwonya mpishi. Twayaandika ili msiba huo usirudi.

Sumu hiyo yatoka wapi? Wataalamu wengi hudhani kwamba kasa huikusanya mwilini kutokana na vimea vya baharini anavyovila. Maana katika maji ya bahari mna vimea vidogo mno, visivyoonekana ila kwa darubini. Hivyo si mwani ule waulimao akina mama wa Paje na Jambiani. Vingi katika vimea hivyo ni neema: samaki wachanga huvila, na karibu nusu ya hewa safi itengenezwayo duniani hutokana navyo pamoja na mimea mingine ya baharini. Lakini aina chache hutengeneza sumu, na maji yakipata joto, utulivu na mbolea nyingi itiririkayo kutoka nchi kavu, vyaweza kuzaana hata bahari ikageuka rangi. Na pengine sumu huwamo bila ya rangi kugeuka.

Chaza, kombe na kome hula kwa kuyachuja maji. Vimea vikiwa na sumu, sumu hubaki katika nyama zao. Wao wenyewe mara nyingi hawadhuriki. Adhurikaye ni mlaji. Huanza kuhisi midomo na ulimi vikifa ganzi, kisha vidole, kisha viungo hulegea, na ikizidi hushindwa kuvuta pumzi. Kuchemsha hakuiondoi, wala ndimu, wala chumvi, wala barafu. Haina dawa ya kuivunja. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua mpaka imtoke mwilini. Kwa hiyo kuchelewa ni hatari.

Mataifa mengine yalijifunza kwa machungu. Mwaka 1987 huko Canada zaidi ya watu 100 waliugua kwa kula kome, na baadhi yao wakafa. Wengine walipoteza kumbukumbu. Tangu hapo sumu ile nayo iliingizwa katika vipimo. Kazi yenyewe ni hii: wapimaji huchota maji kila baada ya muda, wakahesabu vimea kwa darubini, kisha hupima nyama ya chaza. Kwa sumu ile ya ganzi, kipimo cha kimataifa hakiruhusu kuzidi miligramu 0.8 katika kilo moja ya nyama, yaani mfano wa chembe chache za chumvi. Ikizidi, ufuo hufungwa mpaka vipimo virudi chini.

Kwetu tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Unguja, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi. Lakini kome aokotwaye na mama maji ya bamvua yakitoka huliwa jioni ile ile, wala hapiti mbele ya darubini yoyote. Basi twaona vijana wetu wapendao elimu wana mlango wa kheri hapa. Kijana wa Nkowe akisoma elimu ya viumbe akawa mpimaji wa maji, huyo analinda nafsi za watu. Na kuilinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu.

Wako wasemao: Ajali haina kinga. Nasi twasema, kutawakali huja baada ya kumfunga ngamia. Katika Sura ya Baqara tumeamrishwa tule kilicho halali na tena kizuri. Juu ya kasa wanazuoni wametofautiana; lakini kilichothibiti kuwa chaua hakina haja ya mjadala mezani. Tena sheria za nchi, Bara na Visiwani, zakataza kumwua.

Basi twausia haya. Kasa asiliwe, wala asipelekwe kwa jirani kama zawadi. Imewahi kuonekana hata mtoto anyonyaye akadhurika kwa maziwa ya mama aliyemla. Bahari ikigeuka rangi, au samaki wakielea wamekufa, chaza na kombe waachwe, na wakuu wa uvuvi wapewe khabari. Samaki atolewe matumbo yote, maana humo sumu hukusanyika zaidi. Ahisiye ganzi mdomoni baada ya kula apelekwe hospitali saa ile ile, na wote waliokula naye waangaliwe.

Na ninyi mlioko bara, maji ya bwawa yakifunikwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, msiyanywe wala msiwanyweshe mifugo. Baadhi ya vimea vya maji baridi navyo vina sumu iharibuyo ini, na moto wa jikoni hauiondoi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, na atupe elimu yenye manufaa. Amin.